Rispa wa River Road, Aliyetufundisha Kusema Panapouma

Akili yangu imekataa kabisa. Leo nimefika kazini, nikachemsha chai ya watu wawili kama kawaida, ndipo nikakumbuka kwamba Rispa ametuacha Jumapili.

Kwa msiomjua: Rispa ndiye alikuwa anakata kadi katika duka letu la uchapishaji, River Road. Mimi ni designer, yeye ni bibi wa mashine. Yeye Mluhya wa Jamhuri Estate, mimi Mswahili wa Mombasa, meza moja, kelele kutwa nzima.

Client akija na mabadiliko saa ya deadline, mimi hununa. Rispa alikuwa akimwekea kiti na kumuuliza habari za watoto.

Kisha ikaja saratani ya matiti, na daktari akasema chemo. Binti yake Vane alikuwa bado chuoni. Rispa akaniambia, "Zuu, mimi nataka tu huyu mtoto asimame. Hiyo ingine Mungu atajua."

Nilimsindikiza siku ya kwanza nikidhani kazi yangu ni kubeba mkoba. Loh! Jioni hiyo, nyumbani kwake, nilishika beseni mpaka mikono ikafa ganzi.

Jirani akikaanga kitunguu tu, Rispa anakimbilia choo. Chakula chote alikisikia ladha ya chuma. "Ni kama nimelamba sufuria," alisema. Nikamletea juisi ya ukwaju, baridi, na kijiko cha plastiki. Ikakubali! Akatangazia kanisa zima kwamba kumbe watu wa pwani tuna faida.

Lakini ukwaju peke yake hautoshi. Alikonda, hata maji yakawa hayakai tumboni. Baada ya mizunguko michache akaniambia, "Mimi sirudi huko. Wacha nikufe nikikula ugali yangu kwa amani."

Nilibembeleza mpaka nikachoka. Kitu kimoja tu ndicho kilimtoa nyumbani: Rispa hawezi kuhama mahali alipozoea bila kuaga. Tukaenda hospitali kuwaaga manesi. Jamani, mnamjua Rispa!

Nesi akamwangalia, akamuuliza, "Rispa, umekuwa ukiendelea aje?"

"Poa sana, sister. Tunashukuru Mungu."

Nikageuka kumtazama. Mtu ametapika njia nzima ya Ngong Road! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila walipomuuliza, hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Kwao ukiulizwa hali unajibu vizuri kwanza, shida zinasubiri mpaka chai iletwe. Na hospitali hakuna anayeleta chai.

"Sister, anakudanganya," nikasema. "Hata maji hayakai." Rispa akanifinya paja.

"Sasa ningesema aje?" akajitetea. "Mtu amekusalimia vizuri, unamtupia matapishi? Na si dawa ikikusumbua ndio inafanya kazi?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Nani alikwambia hivyo? Si lazima uteseke ndio dawa ifanye kazi. Mama, ukiniambia poa, naandika poa. Daktari akiona poa, habadilishi kitu."

Siku hiyo hatukuaga mtu. Daktari alibadilisha dawa ya kichefuchefu na kumwambia aimeze kabla hakijaanza. Ale kidogo kidogo, hata chakula kikiwa baridi. Na akihisi homa, hata ndogo, aje hospitali moja kwa moja, asipitie duka la dawa kununua ya malaria. Nyinyi watu wa western, kwenu kila homa ni malaria; daktari aliwajua!

Mzunguko uliofuata alitapika kidogo tu. Kesho yake akala ugali na mboga, pole pole, akiuangalia kama mgeni wa heshima. Mimi nikalia. Imagine, nalia kwa sababu mtu anakula ugali.

Alimaliza matibabu. Nywele zikarudi laini kama za mtoto, akawa anawashikisha wateja kwa nguvu. Vane akamaliza chuo, akapata kazi, akapata mchumba. Kadi za harusi Rispa alizikata mwenyewe, na proof yangu, ile nakala ya kukagua, aliikataa mpaka boss akaingilia kati. Siku ya harusi alicheza mpaka viatu vikamshinda. Nilifurahi siku hiyo kuliko ya harusi yangu mwenyewe.

Mwaka huu ugonjwa ulirudi. Alirudi kwenye viti vile vile vya chemo, ila safari hii kama prefect. Mgeni akiingia tu, Rispa anamwambia, "Hapa hatusemi poa. Poa ni ya kanisani."

Huko ndiko alikompata Mama Shiru wa Uthiru, amefunga kitambaa kichwani, kimya, ameshaamua kuacha chemo. Rispa alimshika mkono hadi kwa meza ya nesi. "Sister, huyu mama ana vidonda kwa mdomo, hata uji imemshinda, na anaona aibu kusema." Akapewa dawa. Wiki iliyofuata Mama Shiru akarudi, na chupa ya uji mkononi.

Kwa Rispa mwenyewe, dawa hazikuuweza tena ugonjwa. Lakini alisema panapouma, akatulizwa maumivu, na ameondoka usingizini, Vane amemshika mkono. Inaniuma sana, lakini kwa hilo nashukuru.

Leo mchana Mama Shiru amenipigia akiwa hapo hospitali, anapiga kelele: "Zuu, nimemaliza! Nimemaliza chemo! Rispa hashiki simu, hebu mpatie yako!"

Ikabidi nimwambie.

Alilia, nami nikalia, wateja wakaniachia counter. Kisha akasema, "Mazishi nitakuja. Na sitafunga kitambaa. Nataka watu wote waone hizi nywele zinaota."

Umesikia, Rispa? Mwenzako amemaliza. Lala unono, mpenzi wangu.