Sentensi Aliyoifuta Nanyama

Nanyama alisomea ukatibu chuoni, na tangu ahamie Kisumu kutoka Webuye alikuwa amesifiwa kwa jambo moja: kuandika kwa ufupi. Kwa hiyo alipotimiza miaka arobaini na minne, Bwana Muturi, mwenye kampuni ya kukodisha mahema pale Kondele, alimpa kazi ambayo hakuna aliyejua jina lake. Alitakiwa kuandika maelezo ya kuielekeza akili bandia namna ya kutumia programu ya ofisi.

Programu ilikuwa na zana zake: ya kuweka oda, ya kubadilisha tarehe, ya kupanga lori. Akili bandia ingesoma jumbe za wateja na kuchagua zana yenyewe, nayo haikujua lolote ila lile ililoandikiwa. Zana hii inafanya nini, itumike lini, isitumike lini.

Hilo la tatu lilikuwa kichwani mwa Charity, aliyepokea simu za ofisi hiyo kwa miaka tisa. Nanyama aliketi naye siku mbili na daftari.

"Andika hii," Charity alimwambia. "Mtu akisema mazishi yameahirishwa, usiguse tarehe mpaka yule aliyeweka oda aseme mwenyewe. Watu wa marehemu wakianza kuvutana, shemeji wa Nairobi anapiga Jumatano kusukuma mazishi mbele. Ijumaa mjane anauliza lori limefika wapi."

"Na wewe unafanyaje?"

"Namwambia shemeji, sawa baba, nimesikia. Halafu sifanyi kitu."

Walicheka mpaka Bwana Muturi akachungulia mlangoni.

Nanyama aliiandika sentensi hiyo. Alipokuwa akisafisha kazi yake, aliifuta. Aliona kwamba mivutano ya familia haihusu maelezo ya zana, na bila hiyo kila zana ilipata mistari minne sawasawa. Aliijaribu akili bandia kwa jumbe kumi alizozitunga mwenyewe. Zote kumi zilijibiwa vizuri. Mwisho wa mwezi Charity aliambiwa kazi imepungua, akabeba kikombe chake na sweta.

Aprili, mvua ikiwa imeshika, Mama Maryanne wa Awasi aliagiza mahema manne kwa mazishi ya mumewe, Jumamosi. Jumatano Dishon, ndugu wa marehemu, aliandika kutoka Nairobi kwamba mazishi yamesogezwa wiki moja, kwa sababu hangeweza kufika. Namba ya oda aliitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Akili bandia ilibadilisha tarehe kama ilivyoelekezwa, ikamshukuru, na mahema yakapewa harusi ya Sondu.

Ijumaa saa sita mchana simu ililia, Nanyama akaipokea.

"Madam, lori limefika wapi? Wageni wameanza kuingia, na mvua ndiyo hii."

"Mama, hapa naona tarehe ilisogezwa."

"Nani amesogeza? Mwili umeshatoka mochari!"

Nanyama alitafuta ujumbe wa Dishon, akausoma, kisha akasoma maelezo yake mwenyewe. Programu haikuwa na kosa popote. Alipiga simu kila mahali alipojua mtu. Mahema ya Sondu yalikuwa yameshasimamishwa, na ya wakodishaji wengine yalikuwa yamechukuliwa. Kanisa moja karibu na Awasi lilimpa hema moja.

Jumamosi alienda mwenyewe. Mvua ilianza katikati ya mahubiri. Hema lilitosha jeneza, mjane na wazee. Wengine walibanana chini ya paa la jikoni, na kabla hotuba hazijafika nusu wengi walikuwa wameshashika njia. Mwalimu mmoja alisoma wasifu wa marehemu akipiga kelele juu ya mvua, na hakuna aliyesikia zaidi ya miaka ambayo marehemu alifundisha.

Walipomaliza kaburini, Nanyama alimwomba mjane msamaha. Alimweleza kila kitu, hata ile sentensi aliyoifuta.

"Watu walikuja kumsikia akisemwa," Mama Maryanne alisema. "Sina hasira na wewe, mama. Lakini siwezi kumzika mara ya pili."

Jumatatu Nanyama aliirudisha sentensi mahali pake. Ilimchukua dakika moja tu. Kisha akaenda soko la Kibuye, ambako Charity alikuwa akiuza mapazia ya mitumba.

"Mwandishi! Umekuja kununua ama umetumwa?"

Nanyama alimweleza yaliyotokea Awasi. Charity aliacha kukunja pazia.

"Lakini nilikwambia."

"Uliniambia. Nilifuta."

"Kwa nini?"

"Nilitaka maelezo yawe mafupi."

Charity alirudi kukunja pazia. Nanyama alifungua daftari. "Niambie na yale mengine. Yote unayoyajua."

"Mengine yapi? Nanyama, hayo sikuyaweka kama orodha. Simu ilikuwa ikilia, nasikia sauti ya mtu, ndipo najua."

"Jaribu tu."

Charity alijaribu. Alikumbuka la marehemu mwenye wake wawili, kwamba uulize lori liende boma gani. Akakumbuka nusu ya jingine kuhusu barabara ya Pap Onditi wakati wa mvua, likampotea. Mteja akashika pazia la kijani na kuuliza bei, naye akainuka.

Nanyama alisubiri na kalamu mkononi. Yule mteja alipoondoka alikuja mwingine, na Charity alikuwa akicheka naye kwa sauti ileile aliyokuwa akiwapokelea watu simu.