Mashine Iliyomshtaki Mama

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kitale wakati mwenzangu mmoja aliponipa mashine ya kupima sukari, ndogo kama simu. Mama yangu aliishi Bumula, akiuza sokoni sukari nguru, ile ya mabonge ya miwa, na siku hizo alikuwa akilalamikia uchovu. Jumamosi moja nikamkuta akivunja nguru kibandani. Nikamdunga kidole, nikagusisha damu kwenye kijiti cha mashine. Kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya kawaida.

"Hiyo kitu inadanganya," akasema.

Sikumsikiliza. Niliamuru asiwekewe sukari kwenye chai wala asile andazi. Juma lililofuata, sokoni palepale, mashine ikasema kumi na tano. Jumapili moja kabla ya kanisa ilisema tano, kama ya mtu mzima wa afya. Nikajua amejinyima chakula ili anihadae.

Nikaanza kumpeleleza. Alipokwenda kisimani nilipekua kabati, sufuria, hadi chini ya kitanda. Ndani ya kitambaa kwenye mkoba wake nikapata kipande cha nguru.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni ya mteja. Si nilikuambia silambi?"

Alizidi kukonda, nami nikazidi kumshuku. Mwishowe nilimpeleka hospitali Bungoma, tukitokea sokoni moja kwa moja. Mwanamke wa maabara alitoa mashine kama yangu, akamwonyesha mama bomba la maji.

"Nawa kwanza na sabuni, mama."

"Kwani mikono yangu iko na nini?"

"Sijui umeshika nini leo."

Akanawa. Tano na nusu.

"Mashine yenu ni mbovu," nikasema. "Mimi humpima kila wiki."

"Humpimia wapi?"

"Sokoni. Anauza nguru."

Yule mwanamke akanigeukia. "Na huwa ananawa?"

Nikakumbuka Jumapili ile, alipokuwa ameoga kwa ajili ya kanisa. Ilikuwa nguru ya vidoleni niliyokuwa nikiipima. Wakamtoa damu kwenye mshipa wa mkono, wakaipeleka kwenye mashine kubwa. Sukari ilikuwa sawa. Kilichopungua ni damu yenyewe. Akapewa tembe za kuongeza damu.

Tulipotoka, Mama alisema neno moja tu: "Ulipekua hadi chini ya kitanda changu."

Nguvu zilimrudia polepole, akaendelea na biashara. Lakini nilipomtembelea, kwa karibu mwaka mzima, alikifunga chumba chake kwa kufuli kabla ya kwenda kisimani, na ufunguo akaubeba.