Mimea ya Hewani Iliyolala Siku Tatu Kwenye Samadi

Ni saa moja asubuhi mtaani Matisi, Kitale. Fadumo Adow ameketi kwenye kigoda, mmea mmoja kiganjani. Anashika jani la katikati kwa vidole viwili na kulivuta polepole, kama mtu anayejaribu jino la mtoto. Jani linashikilia. Anauweka kulia.

Wa pili, jani linachomoka lenyewe, kitako cheusi, kinanuka. Anauweka kushoto.

Mimea hii ya hewani haitaki udongo. Hunywa kwa majani. Kila wiki Fadumo huiogesha nusu saa kwenye beseni, huikung'uta, kisha huilaza kichwa chini juu ya wavu wa kuku ikauke. Maji yakituama katikati ya majani, inaoza.

Wiki iliyopita alikwenda Bungoma siku tatu kupigilia fremu kwenye ukuta wa mkahawa wa Abdinasir, anayetaka mimea sitini kabla ya kufungua Ijumaa. Oda hiyo inazidi mauzo yake ya mwaka mzima. Nyumba alimwachia jirani yake, Jeruto, mkulima aliyehamia kutoka miteremko ya Mlima Elgon.

Jeruto aliikuta mimea imelala mizizi juu, akaingiwa na huruma. Akaipanda kwenye madebe ya udongo na samadi, akaimwagilia asubuhi na jioni.

“Si nilidhani ni miche umesahau, Mama Aaliyah,” Jeruto anamwambia Fadumo, ameshika beseni ambalo hakuna aliyemwomba alishike. “Kwetu mtu akiacha miche juu ya waya, tunauliza kama ni mgonjwa.”

“Na samadi ulitoa wapi?”

“Ya ng'ombe wangu. Ile nzuri. Hata kabeji zangu sizipei hiyo.”

Fadumo anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika.

Ile yenye kitako kama kitunguu ndiyo imeumia zaidi. Yenye majani ya rangi ya fedha yaliyojikunja kama maranda, nusu yake imepona. Nyuzi ndefu za kijivu, za kuning'iniza dirishani, zimepona zote. Jeruto alidhani ni sufi ya godoro, akaziacha.

Hesabu inaisha: mizima ni arobaini na moja.

Limebaki bonge moja, kubwa kama kabeji, la mimea midogo inayogeuka kuwa myekundu ikikaribia kuchanua. Lilianza na mmea mmoja miaka saba iliyopita, na ndilo humzalia Fadumo mbegu yake yote. Analipapasa kila upande. Ni zima. Lina watoto, yaani machipukizi, zaidi ya ishirini.

“Si uyabandue hayo, oda itoshe?” Jeruto anauliza.

“Nikibandua, mwakani nitauza nini?”

Anampigia Abdinasir na kumwambia ukweli.

“Bi Fadumo, ukuta wenye mapengo? Wageni watasema nini?”

“Watauliza. Utawaambia mingine inakua.”

Abdinasir anajibu: “Wacha nizungumze na mwenzangu. Nitakupigia.”

Kufikia saa sita hajapiga. Fadumo anageuza simu kila dakika chache, huku akimwonyesha Jeruto jinsi ya kukung'uta.

“Asipopiga, Ijumaa nitaipeleka hii hii,” anasema. “Kama ni hapana, aniambie akiwa amesimama mbele ya ukuta mtupu.”