Jodari wa Kopo Kwenye Semina ya Bahari

Semina ya sheria ya bahari ilifanyika Karatu, ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya lambo la ng'ombe. Wakubwa walitoka Dar na Tanga. Walisema wanatafuta utulivu. Ukweli walitaka kuteremka kreta ya hifadhi ya jirani kuona simba. Mimi, mwalimu wa uraia, niliitwa kuandika muhtasari.

Siku ya pili mwezeshaji, mwanasheria mwenye tai yenye picha za pweza, alieleza kwamba mkataba wa kimataifa unaipa nchi ya pwani haki juu ya samaki hadi maili mia mbili za baharini. "Ila tukishindwa kuwavua wote wanaoruhusiwa kuvuliwa," akasema, "ziada tuwaachie wengine, kwa masharti yetu." Nikaandika huku napiga miayo.

Mchana ikaletwa saladi ya jodari. Mwezeshaji akaisifu: "Huyu ndiye samaki wetu!"

Mpishi, mama mmoja kutoka tarafa ya Sale, asiyependa uongo kuhusu chakula chake, akarudi jikoni akaja na kopo tupu. "Samahani, mheshimiwa. Huyu ametoka Asia."

Afisa wa leseni za uvuvi akalisoma kopo. "Kafungwa koponi huko Asia, mama. Kavuliwa Bahari ya Hindi. Pengine ni wetu kweli."

"Kama ni wenu, aliondokea bandari gani?"

Afisa akakiri kwamba meli nyingi za kigeni zikishapata leseni huvua na kwenda zao bila kugusa bandari yetu.

Alasiri nzima waligombana, slaidi zikasahaulika. Mwishowe wakapendekeza kila meli yenye leseni ishushe sehemu ya samaki bandarini kwetu, na ibebe mkaguzi wetu. Usingizi ulinitoka kabisa.

Jioni mwenyekiti wa semina akaninong'oneza, "Mwalimu, yule mpishi mtoe. Andika 'baada ya majadiliano ya kina'."

"Sawa, mkuu," nikasema. Nikaenda nikaandika swali la mama neno kwa neno. Niliifunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Asubuhi mwenyekiti alisaini bila kusoma, maana magari ya kreta yalikuwa yakipiga honi.

Ripoti ilipochapishwa nilimpelekea mpishi. Alifuata mistari kwa kidole, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi.

"Na meli zimeanza kushusha?"

"Sijui, mama."

"Waulize," akasema. Nimeshaandika barua mbili.