Ticha Pole

Kuna uchovu wa jembe, huo ukilala unaondoka. Na kuna uchovu wa kusimama mbele ya watoto wa watu, mwaka wa kwanza na wa pili, katika nchi isiyo yako, ukisema "hii ni penseli, ile ni penseli". Huo hauondoki kwa usingizi. Unaamka nao, mnapiga mswaki pamoja, mnapanda ngazi pamoja. Mwalimu huyu alikuwa na huo wa pili.

Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyemwacha nyumbani kwa dada yake mkubwa. Kwao alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule ya msingi tangu ujana wake, hadi aliposikia kwamba shule moja ya mbali inatafuta walimu. Akaomba, akaitwa, akafunga sanduku. Alipofika alipewa darasa la watoto wadogo, wale ambao meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, kwenye chumba cha ghorofa ya juu kabisa. Viti vya humo vilikuwa vifupi hata ukikaa magoti yanakaribia kidevu.

Sasa mkataba ulikuwa unakwisha, na kazi za kufunga mwaka zikaja kwa mkupuo kama wageni waliosikia harufu ya pilau. Ripoti za watoto. Mtihani wa kusoma, mtoto mmoja mmoja. Michoro ya ukutani kubanduliwa bila kuchanika, maana kila mzazi angetaka ya mwanawe. Juu ya hayo, mwalimu wa darasa la jirani akashikwa na mgongo, watoto wake wakahamishiwa kwa mwalimu huyu na viti vyao kichwani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mkuu wa shule aliuona hivyohivyo mzigo wa mwalimu.

"Wewe una uzoefu wa madarasa makubwa," mkuu alimwambia akitabasamu. Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, ambaye hata kiatu chake hakikupiga kelele. "Nami nakuamini. Na usisahau onyesho la wazazi."

Mwalimu aliitikia. Jioni alimweleza mwenzake wa nyumba, mwanamke wa kwao aliyefundisha hesabu kwenye madarasa ya juu, ambaye kila mtu alimwita Mama Hesabu.

"Kukuamini huko," Mama Hesabu alisema, akigeuza chapati kwenye jiko lililokuwa dogo kama la kuchezea, "ndiko kunakotuua. Mimi nikiaminiwa tena wiki hii nitalia."

"Shoga, ungelia saa ngapi? Nafasi unayo?"

Wakacheka kidogo tu, maana hata kucheka kulikuwa kunataka nguvu.

Siku chache baadaye mwalimu aliitwa ofisini. Ndani alikuwamo baba mmoja mwenye koti la kijivu, ameketi wima, kamusi nene magotini. Binti yake alikuwa darasani kwa mwalimu: mtoto mkimya, mwenye kutazama mambo kwa makini kama anayekagua nyumba ya kupanga, na kwa hiyo mwalimu alimpachika jina la Bibi Mkaguzi. Baba hakujua Kiingereza sana, na lugha ya pale mwalimu alijua ya kununulia mboga tu, kwa hiyo karani wa shule alikaa katikati kutafsiri.

"Anasema," karani alianza, "juzi alijigonga kidole cha mguu kwenye meza. Binti yake akamwambia neno. Alipouliza ni lugha gani, akajibiwa ni Kiingereza cha shule. Ametafuta kwenye kamusi, hakuliona."

"Neno gani?"

Baba mwenyewe akalisema, polepole, kama anayetema mbegu: "Po-le."

Mwalimu akahisi masikio yanapata moto. Tangu siku ya kwanza, mtoto akianguka, akikatwa na karatasi, akipaliwa na maji, yeye alisema pole. Hakuwahi kukusudia kufundisha. Neno lilimtoka lenyewe, kama pumzi. Na watoto walichojua ni kwamba kila litokalo kinywani mwa Ticha ni Kiingereza. Kumbe walikuwa wakilibeba hadi majumbani, pamoja na jibu lake, "asante, nimepoa", na "haya", na "twende", na "jamani".

"Mimi nalipia Kiingereza," baba alisema kupitia kwa karani. Hakupandisha sauti. "Sikukasirika. Nataka kujua tu binti yangu amejifunza nini."

Alipotoka, mkuu wa shule alipanga kalamu zake sambamba mezani. "Yaondoe hayo maneno kabla ya onyesho," alisema. "Wazazi wote watakuwepo."

Kuondoa neno kinywani mwa mtoto si kama kufuta ubao. Siku iliyofuata mwalimu alianza mazoezi ya onyesho, mchezo mfupi kuhusu hospitali: daktari, wauguzi, wagonjwa wenye bandeji za karatasi ya chooni. Daktari alikuwa mvulana mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyeitwa Kipaza. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Bibi Mkaguzi, aliyevunjika mguu.

"Mgonjwa akisema mguu unamuuma," mwalimu alieleza, "daktari anajibu nini?"

"Pole!" wakapiga kelele wote.

"Hapana. Kwa Kiingereza tunasema…" Akawapa lile neno la Kiingereza, lile ambalo pia ndilo la kuomba radhi.

Kipaza akakunja uso. Alilijua neno hilo vizuri, maana alilazimishwa kulisema karibu kila siku: alipomwaga rangi, alipomvuta mtu nywele. "Ticha," alisema, "kwa nini niombe radhi? Mimi sikumvunja mguu."

"Hakumvunja," wauguzi wakatoa ushahidi. "Ameukuta umevunjika."

Siku nyingine mwalimu angefurahia swali kama hilo, angekaa chini nao na kulizungumza hadi kengele. Siku hiyo mgongo ulimwaka, koo lilikwaruza, na watoto wa darasa la jirani walikuwa wanapigania mkasi kule nyuma. "Sema tu, mwanangu," akamwambia. "Sema tu hivyo." Na Kipaza akasema, kwa sauti ya mshtakiwa aliyeonewa.

Jumamosi alishinda akiandika ripoti. Alasiri mwanawe akapiga simu. Sauti ilikuwa imekuwa nzito hata akadhani ni shemeji yake.

"Mama, vile viatu ulivyosema umeninunulia, namba gani?"

Mwalimu akamtajia.

Nyuma ya simu akasikika dada yake akicheka. "Mwambie ukweli, usimwonee haya!"

"Mama, hiyo ilikuwa namba yangu ya mwaka jana. Mama mkubwa ndiye anayevaa vya namba hiyo sasa."

"Basi vitakuwa vyake," mwalimu alisema, naye akacheka. Kisha simu ikakatika. Alijua habari za meno ya watoto wa watu, lipi linalegea, lipi limemezwa pamoja na mkate. Ya mwanawe yalikuwa yameshamaliza kuota, wala hakuyaona yakiota. Akavuta ripoti inayofuata, akaandika: "Anasoma vizuri. Ajitahidi kusikiliza wenzake." Alikuwa ameshaandika hivyo kwa watoto wengi kiasi kwamba mkono ulijiendea wenyewe.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Akina mama walikaa mbele na simu zimeinuliwa. Babu na bibi walipewa viti vyenye mito. Mkuu wa shule alisimama ukutani. Baba mwenye koti la kijivu alikuwa safu ya pili. Sauti ya mwalimu ilikuwa imekauka tangu asubuhi, imebaki mkwaruzo, akawa anawaongoza watoto kwa mikono kama askari wa barabarani.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Wauguzi waliimba wimbo wao. Bibi Mkaguzi akaletwa kwa kuchechemea, akapandishwa kwenye kitanda, ambacho kilikuwa benchi la mazoezi limefunikwa shuka. Akasema sentensi yake bila kosa: mguu wangu unauma sana. Kipaza akavuta pumzi, akalitamka lile neno la kuomba radhi kama alivyofundishwa. Mwalimu akashusha mabega.

Ndipo benchi likainuka upande mmoja. Wauguzi wawili walikuwa wamekaa mwisho wake ili kumfunga bandeji, na upande wa pili ukaruka. Bibi Mkaguzi akateleza na shuka yake hadi sakafuni, akatua kwa kishindo. Mdomo wa mtoto ukaanza kupinda.

"Pole!" Kipaza akapaza sauti, na haikuwa ya daktari tena. "Pole! Pole!" Wauguzi wakaruka, wagonjwa wakang'oa bandeji, darasa zima na lile la jirani wakamzunguka, pole huku, pole kule, mmoja anamfuta vumbi, mwingine anampulizia goti kama alivyozoea kuona Ticha akifanya. Mwalimu naye alikuwa ameshapiga magoti katikati yao, hakujua alifikaje.

Bibi Mkaguzi akameza machozi. Akawaangalia wenzake mmoja mmoja, kwa ule ukaguzi wake. "Asante," akajibu kwa Kiswahili safi. "Nimepoa."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Baba aliyekuwa amesimama kumkimbilia mwanawe akakaa tena taratibu. Mkuu wa shule hakupiga makofi. Alikuwa anatazama mguu wa benchi, kuona kama umepasuka.

Wiki iliyofuata, baada ya watoto kwenda nyumbani, mkuu alimkuta mwalimu akibandua gundi ukutani kwa kucha.

"Tulikubaliana kuhusu yale maneno," alisema.

"Tulikubaliana," mwalimu alijibu.

Mkuu akatazama ukuta, kisha dirisha. "Hata hivyo, nakuomba ubaki mwaka mmoja zaidi. Mwenzako wa jirani harudi, na wewe watoto wanakusikiliza. Upumzike wiki mbili, kisha tuanze upya."

Wakati mwingine angeomba siku za kufikiri. Angepiga simu kwa dada yake, angemuuliza Mama Hesabu. Safari hii jibu lilitoka kabla hajalipanga.

"Uchovu wangu mimi si wa wiki mbili. Nakushukuru. Naenda nyumbani."

Mkuu akafanya jambo ambalo mwalimu hakulitegemea: akavua saa yake, akakunja mikono ya shati, akaanza kubandua gundi upande wa pili. Walifanya kazi hadi ukuta ukawa mweupe. Walipomaliza mkuu akamwambia kwaheri rasmi, kama siku zote, akavaa saa yake na kutoka.

Siku ya mwisho wazazi walikuja kuchukua ripoti na michoro. Watoto walimkumbatia miguuni, wengine wakalia, wengine walikuwa na haraka ya likizo hata hawakugeuka. Baba mwenye koti la kijivu alikuja akiwa wa mwisho, binti kamshika mkono, karani nyuma yao.

"Anasema mama yake mzazi, bibi wa mtoto, ni mgonjwa, hainuki kitandani," karani alitafsiri. "Binti huyu kila asubuhi anamwambia lile neno. Na bibi siku hizi anajibu asante. Anauliza, kwenu hilo neno husemwa wakati gani?"

Mwalimu akafikiri. Sauti yake ilikuwa inaanza kurudi. "Mtu akiumia. Akiugua. Akifiwa. Akitoka kazini. Hata akiwa amebeba mzigo tu, mkapishana njiani."

Baba alisikiliza yote hadi mwisho, akitikisa kichwa taratibu kukubali. Kisha akasema jambo jingine, na karani akasita kabla ya kulitafsiri. "Anasema pia, mwakani amemwandikisha shule nyingine. Kule mwalimu ni mwenye Kiingereza chake cha kuzaliwa. Hakutaka usikie kwa watu."

"Si neno," mwalimu alisema. "Ni haki yake." Na kweli halikumchoma kama alivyodhani lingemchoma, labda hapakuwa na mahali palipobaki pa kuchomwa. Aliinama, akamkabidhi Bibi Mkaguzi mchoro wake. Mtoto akaukagua kwanza, akahakikisha kona zote zipo, ndipo akaupokea kwa mikono miwili.

Mama Hesabu alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, mwenyewe akiwa amebakiza mwaka mzima mbele yake. Walibishana juu ya uzito wa sanduku, wakatoa sufuria, wakairudisha. Kwenye mlango wa kuingilia Mama Hesabu akasema, "Ukifika usinipigie siku ya kwanza. Lala."

Alipofika, dada yake alikuwa amepika tangu alfajiri. Majirani wakaja, shangazi wakaja, mashemeji wakaja, kila mmoja na salamu ndefu na maswali: huko watu wakoje, chakula je, baridi je, watoto wa huko wana adabu? Mwalimu alijibu la kwanza, akajibu la pili. Katikati ya la tatu kichwa kikaangukia bega la mwanawe, ambaye sasa alikuwa anamzidi urefu, na hapohapo kwenye kochi, sahani ya wali mkononi, usingizi ukamchukua.

Shangazi mmoja akaguna. "Hii ndiyo heshima ya ng'ambo?"

"Mwacheni," dada yake akasema, akiitoa sahani taratibu kutoka kwenye vidole vyake. Akawaelekeza wageni uani, na viti vyao. Kijana hakusogea. Bega lilianza kufa ganzi, mkono ukawa mzito, nje watu wakaanza kula na kucheka, na yeye akakaa vivyo hivyo, akimsikiliza mama yake akikoroma.