Mafuta ya Kiboko

Harufu ya mawese yakipata moto hunirudisha kwenye kambi ya wafungwa kule Walikale, wakati wa vita. Kumanda, mkuu wa kambi, aliamuru, karani alihesabu viboko, na baba yangu, sajini, alipiga. Mimi, binti yake, nilipaka kiboko, ule mjeledi wa ngozi, mawese. Niliyapaka mengi, nikiamini yatakilainisha kisiumize, kama mama alivyompaka mtoto mchanga.

Siku moja mfungwa aliyetuletea maji alininong'oneza, "Dada mudogo, acha kupaka. Kikikauka kinapasuka. Ukipaka, njo kinakata nyama."

Jioni baba akaniita. "Mutoto yangu, leta kiboko. Hakuna mwenye anakipakaka sawa wewe!"

Nilikuwa nimekwisha kujua. Nikakipaka hadi kikang'aa, kwa kuwa alikuwa amenisifu.