Mtumbwi Niliosema Uko Mbele

Siku yangu ya kwanza redioni, hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mkurugenzi wa vipindi alinipeleka uwanjani, akanikabidhi simu ya kutangazia mechi moja kwa moja. Akanionya: "Muntu mwenye iko mbali kule Mboko haone kitu. We njo macho yake. Usinyamaze hata kidogo; ukinyamaza, bantu batafunga redio."

Ninyi mnaoanza kazi hii, mpira wa miguu usiwatie hofu. Mpira ni mmoja, na watazamaji wanakusaidia: wakipiga kelele, msikilizaji ameshajua goli linanukia. Voliboli inasumbua, kwani ukimaliza kumtaja aliyepiga, pointi imeshakwisha. Lakini mbio za mitumbwi sizitaki hata kuzisikia. Mitumbwi iko mbali, haina sauti, na wapiga kasia ukiwatazama kutoka ufuoni wote wanafanana. Mimi niliwatambua kwa rangi ya shati, basi.

Mwaka mmoja upepo ulivuma ghafla katikati ya mbio, mawimbi yakanifichia kila kitu. Nilikuwa hewani. Nikaogopa kunyamaza. Nikatangaza kwamba Amisi, wa shati jekundu, yuko mbele na anazidi kuwaacha wenzake. Nilibuni tu. Nilimchagua yeye kwa sababu mama yake alikuwa jirani yangu, na nilijua anasikiliza.

Mbele kidogo ya pale niliposimama, wavuvi waliokuwa ufuoni na redio yao ndogo waliona shati jekundu halionekani tena. Mmoja wao alinisimulia baadaye, bila hasira: "Tulikuwa tunasukuma mutumbwi tumufuate. Redio ikasema Amisi iko mbele. Tukarudi." Amisi alipatikana kesho yake, ameshakufa.

Mkurugenzi alisema kosa ni la upepo. Nilimwitikia kwa mdomo tu. Nikaendelea kutangaza miaka mingi, mpira peke yake, na sauti yangu mwenyewe ikanichosha.

Sasa nimestaafu. Mama Amisi huja kwangu, namwekea kiti na chai.

"Baba, niambie tena mashindano ya mutoto yangu. Ile uliona na macho yako tu."

Namwambia. Alianza vizuri. Aliwapita wawili. Halafu upepo ukaja.

"Kisha?"

Hapo nanyamaza, naye ananyamaza pamoja nami, mpaka chai inapoa.